Maji Chini ya Kapeti: Uchambuzi wa Kisa cha Gari Moja la Dodoma

Gari linalozungumziwa hapa ni dogo, la milango mitano, lililotengenezwa Japani na lenye usukani upande wa kulia. Kazi yake ya kila siku ni kumpeleka mwenye gari, mama mtumishi wa umma anayeishi Ilazo, kwenda na kurudi kutoka Mji wa Serikali wa Mtumba. Lilifika gerejini katikati ya msimu wa mvua likiwa na malalamiko matatu ambayo mwenyewe aliyaona kuwa hayahusiani: harufu ya uvundo isiyokwisha, vioo kuota ukungu kwa ndani kila asubuhi, na taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaomkinga mtu kwenye ajali) kuwaka kwenye dashibodi bila kuzimika. Kabla ya hapo lilikuwa limekwisha kuoshwa ndani kwa sabuni na mashine zaidi ya mara moja, likapuliziwa manukato, na kila mara harufu ilirejea baada ya mvua kubwa kunyesha.

"Fundi, gari langu halivuji," alisisitiza. "Kapeti ni kavu, shika mwenyewe."

Alikuwa mkweli, kwa sababu kapeti la mbele upande wa abiria lilikuwa kavu kabisa kwa kugusa. Nilipolikandamiza kwa ngumi na kushikilia kidogo, maji yalipanda katikati ya vidole.

Ili kulielewa jambo hili ni lazima kujua sakafu ya gari ilivyojengwa. Kitambaa tunachokiona ni tabaka la juu tu. Chini yake kuna sponji nene au pamba nzito iliyoshindiliwa, ambayo kazi yake ni kupunguza kelele na joto, na chini ya hiyo ndipo lilipo bati lenye vipande vya lami vilivyogandishwa. Kitambaa hukauka upesi kwa jua la Dodoma, lakini sponji iliyobanwa kati ya mgongo wa kapeti na bati haipati hewa kutoka upande wowote, kwa hiyo inaweza kukaa na maji kwa wiki nyingi bila mtu kujua. Zaidi ya hayo, gari likifungwa vioo na kuachwa juani, maji hayo hugeuka mvuke mchana, kisha usiku joto linaposhuka mvuke huo hurudi kuwa matone kwenye vioo na kwenye bati. Ule ukungu wa asubuhi ulikuwa ni maji yaleyale ya sakafuni, ambayo yalikuwa yakizunguka ndani ya gari bila kupata njia ya kutoka.

Swali la kwanza katika kisa cha namna hii ni maji yanaingia lini. Mahali yanapoonekana ni ushahidi dhaifu, kwa sababu sakafu ina mabonde na mifereji ya kupitishia nyaya, na maji yaliyoingia mbele yanaweza kutulia chini ya kiti cha nyuma. Wakati ndio unaosema zaidi. Mama huyu na majirani zake waliamini kwamba maji yaliingia siku alipovuka korongo lililojaa, na dhana hiyo haikuwa ya ovyo. Makorongo ya Dodoma hukaa makavu kwa miezi mingi, kisha mvua ya muda mfupi iliyonyesha mbali kidogo huyajaza ghafla. Hata hivyo, maji ya korongo huwa na tope, na yakiingia ndani huacha mchanga laini kwenye reli za viti na alama ya usawa wa maji kwenye mbao za milango, tena huwa ni pande zote mbili. Hapa tulikuta maji karibu masafi, upande wa kushoto peke yake, na reli za viti hazikuwa na tope lolote.

Dhana ya pili ilikuwa maji ya rejeta. Katika magari mengi kuna rejeta ndogo ndani ya dashibodi kwa ajili ya kupasha joto, nayo ikitoboka humwaga maji kwenye miguu ya abiria. Maji hayo hutambulika kwa rangi ya dawa ya kupoozea injini, iwe ya kijani au nyekundu, kwa utelezi wake na kwa harufu yake tamu, na zaidi ya yote kwa kupungua kwa kiwango kwenye chupa ya akiba. Hakuna hata kimoja kati ya hayo kilichoonekana.

Dhana ya tatu ilistahili uangalifu mkubwa zaidi kwa sababu huleta maji masafi mahali palepale. AC inapofanya kazi, unyevu wa hewa hugeuka kuwa matone kwenye evapureta, yaani kile kipoozeo kilichofichwa nyuma ya droo ya abiria, na matone hayo hutoka nje kwa mpira mwembamba unaopenya ukuta wa bati kati ya injini na chumba cha abiria. Mpira huo ukizibwa na vumbi, maji yote humwagikia ndani. Lakini maji ya AC huja gari linapotembea na AC ikiwa imewashwa, mvua inyeshe isinyeshe, wakati maelezo ya mama yalionyesha kwamba harufu ilizidi baada ya usiku wa mvua gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Tuliwasha AC vioo vikiwa vimefungwa, tukasubiri, na maji yakadondoka chini ya gari mahali yanapotakiwa kudondoka. AC haikuwa na hatia.

Ilibaki mvua yenyewe, na njia ya mvua hutafutwa kwa maji. Tuliondoa mati, tukafungua pembe za kapeti, tukanyunyiza poda ya watoto kwenye maungio ya bati na pembeni mwa ukuta wa mbele ili tone lolote litakalopita liache mchirizi. Kijana mmoja alikaa ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji yasiyo na msukumo mkubwa. Mashine ya kuoshea magari haifai kwa jaribio hili, kwani hulazimisha maji kupita mahali ambapo mvua isingepita kamwe, na fundi huishia kuziba tundu lisilo na kosa. Maji huanzia chini na kupanda taratibu: kizingiti kwanza, kisha mlango, kisha pembe ya chini ya kioo cha mbele, na mwisho paa. Ukianzia juu maji hushuka na kulowesha kila kitu, na hutajua ni tundu gani lililokubali.

Mlango ulipita salama. Maji yalipofika chini ya kioo cha mbele, upande wa kushoto, mwanzoni hapakuwa na kitu, na hapa ndipo wengi hukata tamaa na kuhamia mahali pengine kabla ya wakati. Tuliendelea kumwagia palepale. Baada ya dakika chache kijana aliyekuwa ndani aliita: maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye boksi la feni ya AC, na mchirizi wa pili ulikuwa umejichora kwenye poda, kidogo kulia kwa ule wa kwanza. Tulifungua droo ya abiria na kuchomoa filta ya AC. Ilikuwa imelowa, imebadilika rangi, na juu yake yalikuwa yamelala majani madogo membamba yenye kingo za msumeno.

Kila mkazi wa Dodoma anayajua majani hayo. Mwarobaini umepandwa mjini humu kila mahali, nyumbani, maofisini na kando ya barabara, kwa sababu unastahimili ukame na kivuli chake ni kizito, na kila mwenye gari huugombea mchana wa kiangazi. Gari hili lilikuwa likiegeshwa chini ya mwarobaini nyumbani na kazini. Chini ya waipa kuna plastiki yenye vitundu, na chini ya plastiki hiyo kuna mfereji wa bati unaopokea maji yote yanayoteremka kwenye kioo cha mbele na kuyapeleka pembeni, ambako hutoka kwa matundu yaliyo nyuma ya matairi ya mbele. Ndani ya mfereji huohuo ndimo lilimo dirisha linaloingiza hewa safi kwenye feni, likiwa limeinuliwa kidogo ili maji ya kawaida yasilifikie. Tulipofungua waipa na kuinua plastiki tulikuta vijani na vijiti vya mwarobaini vimechanganyika na vumbi jekundu, vimelowa na kukauka mara nyingi hadi vikawa udongo mgumu uliojaza tundu lote la kushoto. Mvua iliponyesha, mfereji ulijaa, maji yakapanda hadi usawa wa dirisha la hewa, yakamwagikia juu ya filta, yakaipita feni na kutua sakafuni. Hiyo ndiyo sababu jaribio lilihitaji subira, kwa kuwa hakuna kilichovuja mpaka mfereji ulipofurika.

Kwa maoni yangu kiini cha kisa hiki kiko hapo. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo miezi mingi hupita karibu bila tone. Katika miezi hiyo mwenye gari hana sababu ya kufikiria maji, na ndiyo miezi ambayo majani na vumbi hujipanga ndani ya mfereji, huku jua likikausha na kupasua raba zinazozunguka plastiki ile. Madhara tunayoilaumia mvua hutengenezwa kiangazi. Kazi ya kuyazuia ni ndogo mno ukilinganisha na tuliyolazimika kufanya: kuinua boneti, kuokota majani kwa mkono, kumwaga jagi la maji taratibu kila upande na kuhakikisha yanatoka nyuma ya tairi kwa kasi ileile yanayomwagwa. Ikifanyika mwezi wa kumi, kabla ya mawingu ya kwanza, inatosha kwa magari mengi. Waya au msumari usitumike kuzibua, kwani mara nyingine tundu huishia kwenye mdomo wa raba ambao hutoboka kirahisi.

Mchirizi wa pili ulikuwa na asili tofauti. Mtu fulani, wakati wa kufunga kifaa cha kufuatilia gari, alipitisha waya kwenye ukuta wa bati kwa kung'oa kizibo cha raba, na hakukirudisha. Tundu hilo lipo juu, halipati maji ya barabarani, na kama mfereji usingefurika pengine lisingeleta shida kamwe. Tulipitisha waya upya kwenye kizibo kinachobana, tukapaka gundi ya kuzibia kuzunguka. Nawasihi wenye magari waulize swali moja baada ya kufungiwa redio, alamu au kifaa chochote: waya umepita wapi, na tundu lake limezibwaje?

Sasa kuhusu taa ya eabegi, ambayo ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko harufu. Chini ya viti vya mbele hupita nyaya za mikanda na za eabegi, zikiishia kwenye soketi za manjano, na katika magari mengi soketi hizo hulala sentimita chache tu juu ya kapeti. Maji ya mvua yaliyopita kwenye vumbi hubeba chumvi, na maji yenye chumvi yakikaa kati ya pini mbili zenye umeme hula shaba kidogo kidogo hadi iwe unga wa kijani. Kutu hiyo huongeza ukinzani, kompyuta ya eabegi huona kwamba mzunguko wake hauaminiki, na huwasha taa. Mara nyingi mfumo wenye taa hiyo hujizuia, kwa hiyo mama huyu alikuwa akiendesha kila siku bila uhakika kwamba eabegi zingefunguka siku ya ajali.

Kazi kwenye soketi hizi haiendeshwi kwa mazoea. Betri hutolewa kwanza, kuanzia upande hasi, kisha unasubiri sekunde 90 au zaidi, kwa sababu kompyuta ya eabegi hutunza chaji ya akiba hata betri ikiwa nje. Hairuhusiwi kupima nyaya za eabegi kwa taa ya majaribio wala kwa mita ya kawaida, kwani umeme mdogo wa kipimo chenyewe unaweza kuifyatua. Tulisafisha pini kwa dawa maalumu ya kusafishia soketi, moja iliyokuwa imelika tukaibadilisha, tukafuta kumbukumbu ya hitilafu kwa mashine, na taa ikazimika. Nimewahi kuona taa kama hii ikichomolewa globu ili isionekane. Huko ni kumnyima dereva onyo linalohusu uhai wake, na fundi anayefanya hivyo anapaswa kukataliwa.

Ukausho ulichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote, na hakuna njia ya mkato. Tulitoa viti vya mbele, vizingiti vya plastiki na kiweko cha katikati, tukainua kapeti zima na kulitoa nje, kwa sababu sponji ilikuwa imegundishwa nalo. Mashine ya kunyonya maji ilitoa maji mengi kuliko mama alivyotarajia, kisha kapeti likaanikwa likiwa limepinduliwa, sponji ikitazama jua na upepo. Hewa kavu ya Dodoma ni msaada mkubwa, lakini katikati ya msimu wa mvua usiku huwa na unyevu, hivyo jioni liliingizwa ndani mbele ya feni. Tulipima ukavu kwa kuweka karatasi nyeupe ya chooni juu ya sponji na kuikandamiza kwa uzito usiku kucha. Ikiamka kavu na bila doa, sponji iko tayari. Ambaye hawezi kutoa viti anaweza angalau kufungua vizingiti, kuinua kapeti na kuliegemeza juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini, akiacha vioo wazi kidogo mchana. Kulikausha kwa juu tu ni kurudia kile kilichokwisha kushindwa kwa sabuni na manukato.

Kuvu ilikuwa imeota chini ya kiti na kwenye mkanda wa abiria. Kuvu inaweza kuanza kuota ndani ya siku moja au mbili za unyevu, na kwa mtu mwenye pumu si suala la harufu tu. Vitambaa vilisuguliwa kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, vikakaushwa kikamilifu, na filta ya AC ikatupwa na kuwekwa mpya. Kwenye mkanda hatukuweka dawa ya kung'arisha nguo, na hakuna anayepaswa kuiweka, kwa kuwa hudhoofisha nyuzi zinazotakiwa kumshikilia mtu kwenye ajali. Bati lilikuwa na kutu ya juujuu kwenye ungio moja. Ilikwanguliwa kwa brashi ya waya, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya kawaida. Kijana mmoja alishauri tutoboe sakafu ili maji yajayo yatoke yenyewe. Nilikataa, kwani tundu linalotoa maji huyaingiza pia, pamoja na vumbi la barabara za vumbi, na huanzisha kutu mpya.

Mama aliuliza kama bima yake kubwa ingelipia gharama. Nilimweleza kadiri ninavyofahamu kwamba hati nyingi za bima hutenganisha tukio la ghafla, kama mafuriko, na uharibifu wa polepole utokanao na uchakavu au matunzo, na kwamba mfereji ulioziba kwa miezi ni vigumu kuuweka katika kundi la kwanza. Asome hati yake na kuuliza kampuni kabla ya kuchukulia jibu lolote kuwa la mwisho. Kwa tukio la mafuriko, picha zinapaswa kupigwa na taarifa kutolewa kabla ya kukausha chochote.

Na kama kweli angekuwa ameingia korongoni, kisa kingekuwa kingine kabisa. Maji ya tope yaliyofika usawa wa viti huchafua kila soketi na huenda yakafika kwenye injini na giaboksi. Gari lililozimikia majini halipigwi stata kujaribu bahati, maana maji hayashindiliki kama hewa, na silinda iliyojaa maji huweza kupinda koni rodi, yaani chuma kinachoshika pistoni, kwa mzunguko mmoja. Hukokotwa, plagi hufunguliwa, na oili hukaguliwa. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji na lazima imwagwe. Ni vyema pia ikumbukwe kwamba sentimita 30 za maji yaendayo kasi zinaweza kulisukuma gari dogo nje ya barabara, kwa hiyo kusubiri korongo lipungue ni uamuzi bora kuliko ufundi wowote wa baadaye.

Gari lilirudishwa kwa mama baada ya kumwagiwa maji upya mahali palepale, kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza, na sakafu ikabaki kavu. Yapo mambo mawili ambayo sikuweza kumhakikishia. Nyaya zilizolowa kwa wiki nyingi zinaweza kuwa na kutu ndani ya ganda la plastiki mahali pasipofikika, na hitilafu yake huweza kujitokeza baadaye kwenye vioo vya umeme au kufuli za milango. Ungio lililokwanguliwa nalo linahitaji kutazamwa tena mvua zikiisha. Tumekubaliana alilete mwezi wa tano, tuinue pembe ya kapeti upande wa kushoto, tukague bati na tufungue ile soketi iliyobadilishwa. Mti wa nyumbani ameamua kuubakiza, na gari ameanza kuliegesha upande wa pili wa uzio.